Begi la Binti Anayekwenda Kasulu

Mvua za mwisho zikishaondoka huku kwetu milimani na nyasi kuanza kugeuka rangi, stendi ya mabasi ya Kibondo hupata wageni wa aina moja. Ni vijana waliomaliza kidato cha sita, ambao wameitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wenzao wameshashuka Kakonko, ilipo kambi ya Kanembwa. Hawa wanaendelea Kasulu, kwenye kambi ya Mtabila. Wametoka Tanga, Dar es Salaam, Mtwara, hata Pemba. Huketi juu ya mabegi yao, macho mekundu kwa vumbi na usingizi.

Kikundi chetu cha akina mama kanisani huwapelekea chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu imenizoesha kumtazama mtu kabla ya kumwuliza. Basi wenzangu wanapomimina chai, mimi hutazama mizigo. Nimeona tranka la bati ambalo vijana wawili hawakuweza kulinyanyua, kumbe ndani mna biskuti za kufungulia duka. Nimeona mabegi mapya ya magurudumu yakiburutwa kwenye changarawe mpaka gurudumu moja likabaki nyuma. Nimeona binti amevaa viatu vya wazi vya kwendea harusini, na vidole vyake vimeshakuwa vyekundu kama udongo wetu. Kitu kimoja sikioni mara nyingi: sweta.

Akina mama wenzangu, hilo si kosa la watoto. Orodha ya vitu vinavyotakiwa hutolewa pamoja na wito, na kwa miaka hii imekuwa ikifanana: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, inayofika magotini na isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba za michezo, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za bluu bahari, truksuti ya kijani au ya bluu, vyeti, na nauli ya kwenda na kurudi. Halafu kuna mstari mmoja unaosema nguo za kuzuia baridi, kwa waliopangiwa kambi za mikoa yenye baridi. Mstari huo ndio unaotuponza. Mama ambaye mtoto wake amepangiwa Mafinga hukimbilia sweta na blanketi, maana nani asiyejua baridi ya Iringa? Lakini yule aliyepangiwa Kigoma hucheka. Kigoma kuna baridi gani?

Mtu aliye mbali akisikia Kigoma huwaza ziwa, mawese, dagaa na jasho. Hiyo ni Kigoma ya chini, ya Ujiji na mwaloni Kibirizi. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari. Sisi wa Kasulu na Kibondo tuko juu, zaidi ya mita 1,200, na vilima vyetu vinapanda zaidi ya hapo kuelekea mpaka wa Burundi. Juni na Julai mbingu huwa wazi, jua la mchana linachoma, na jioni joto lote hutoroka kama maji kwenye chungu kilichopasuka. Alfajiri ukungu hulala mabondeni, na mtoto aliyeamshwa kukimbia mchakamchaka katika saa hiyo akiwa na fulana peke yake hutetemeka meno. Katika zamu zangu za asubuhi miezi hiyo, kikohozi na mafua ndiyo mazungumzo ya wodi nzima.

Tena sisi mama wenye umri wa miaka arobaini na kitu ni kizazi kilichorukwa. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Baadaye ikatungwa sheria ya kuwataka wasomi waitumikie, na wazee wanakumbuka jinsi wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam walivyoandamana kuipinga mwezi Oktoba 1966, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya mia tatu. Kaka yangu mkubwa alikwenda mwaka mzima, akarudi anaamka kabla ya jogoo na anatandika kitanda kama ubao. Lakini mwaka 1994 mafunzo hayo ya lazima yalisimamishwa, na hayakurudi mpaka mwaka 2013. Kwa hiyo wengi wetu tunaofunga mizigo leo hatukuwahi kufungiwa mzigo huo na mama zetu. Tunafunga kwa kubahatisha. Wenye ujuzi ni bibi, na bibi hawaulizwi.

Nilidhani mimi nalijua jambo hili vizuri, kwa kuwa ninaishi njiani. Kisha mwanzoni mwa Juni 2024 akashuka basini binti wa dada yangu wa Tanga.

Alikuwa amepangiwa Mtabila. Dada aliniomba nimpokee, alale kwangu siku mbili apumzike, kisha nimsindikize mpaka Kasulu. "Shikamoo, mama mdogo," alisema, na nilipomkumbatia nikahisi mifupa imechoka na safari. Nikamwogesha, nikamlisha, na jioni nikatandika mkeka sebuleni nikamwambia amwage begi lake lote tulitazame.

Vilivyoandikwa kwenye orodha vilikuwemo vyote, nadhifu, vimepigwa pasi. Dada yangu ni mtu wa kufuata maandishi. Halafu vikafuata vile ambavyo moyo wa mama huongeza usiku, mtoto akiwa amelala: mataulo matatu, magauni manne ya Jumapili, mto wa kulalia, achari ya maembe kwenye chupa ya kioo, ubuyu, na pasi ya umeme. Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Binti naye akacheka, akasema pasi aliiona begini akiwa ameshafika Dodoma.

Sweta halikuwemo. Blanketi halikuwemo. Raba zilikuwa mpya kabisa, bado zina karatasi ndani, na nilipombonyeza kidole gumba nikaona kimefika mwisho.

Nianze na hizo raba, maana miguu ndiyo itakayobeba kila kitu. Kiatu kipya hakipelekwi kambini. Kinunuliwe mapema, avae nyumbani wiki mbili tatu akienda sokoni, akifagia, akipanda kilima, na kiwe na nafasi ya unene wa kidole mbele, kwa sababu mguu wa mtu anayetembea siku nzima huvimba. Lengelenge ni kitu kidogo nyumbani. Kwa mtu anayekimbia kila alfajiri huwa kidonda, na kidonda kwenye vumbi huwa jipu. Soksi ziwe za pamba, nyingi kuliko zilizotajwa, abadilishe kila siku. Na kiangazi kwetu ni msimu wa funza. Mtoto wa pwani hamjui funza. Huona kidole kinawasha, akakikuna wiki nzima. Ajue kwamba akiona doa jeusi lenye duara jeupe kwenye kidole, aombe litolewe kwa sindano safi siku hiyo hiyo.

Kesho yake tulikwenda kwenye mitumba. Kwanza tulibadilisha raba, tukapata zilizotumika kidogo, laini, zinazomwenea. Kisha tukatafuta truksuti nyingine. Aliyokuja nayo ilikuwa ya bluu iliyokoza, na binti akashangaa kwa nini ninaikataa wakati orodha inairuhusu. Nikamwambia orodha inasema kijani au bluu, na hapo penye "au" ndipo penye kazi ya mama.

Mashariki ya Kibondo na Kasulu kuna mapori makubwa na mabonde ya maji ya Moyowosi na Malagarasi, na kwenye mapori hayo yuko ndorobo, yule nzi ambaye vitabuni anaitwa mbung'o. Ndiye anayeeneza malale. Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Buha kutoka vijiji vya porini na kuwakusanya mahali pamoja kwa sababu ya ugonjwa huo. Siku hizi wagonjwa ni wachache sana, lakini nzi hajahama. Huyu nzi hufuata rangi ya bluu na nyeusi. Wataalamu wanaijua tabia yake, ndiyo maana mitego ya kumkamata hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Tena huuma kupitia nguo nyembamba, na mafuta ya kufukuzia mbu hayamtishi sana. Bukta ya bluu haina njia, ni sare. Soksi nyeusi nazo ni sare. Lakini kile ulichopewa nafasi ya kuchagua, chagua kijani, na kiwe kizito kidogo.

Nisije nikamtisha mama yeyote. Mtoto anaweza kuumwa na ndorobo mara kumi asipate lolote zaidi ya maumivu. Ninachoomba ni hiki: akipata homa na kichwa kuuma baada ya kukaa karibu na mapori hayo, hata akiwa amesharudi nyumbani kwa wiki kadhaa, aende hospitali na amwambie daktari alikokuwa. Kipimo cha kwanza kitakuwa cha malaria, na hivyo ndivyo inavyopaswa, kwa maana Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, na watoto wa Arusha, Njombe au Zanzibar, ambako malaria ni adimu, huumwa vibaya zaidi kuliko wetu. Lakini kipimo kikisema hakuna malaria na homa haiondoki, daktari wa Tanga hawezi kufikiria malale kama hakuambiwa neno Kasulu.

Truksuti ya kijani tuliipata. Sweta nalo tukalipata, la sufi, la kiume, rangi ya majivu, kubwa, lenye kiraka kiwikoni. Binti alilitazama kama mtu anayeonyeshwa dawa chungu. "Mama mdogo, hili ni la mzee." Nikalilipia.

Usiku ule ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimelikagua begi bila kumkagua mwenye begi.

Kama saa nane za usiku nilisikia sauti kupitia ukutani, sauti ambayo muuguzi haihitaji kuambiwa ni ya nini. Ni kama filimbi ndogo iliyofungiwa kifuani. Nilimkuta ameketi kitandani, mikono juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka. Vumbi la safari ya siku mbili lilikuwa limefanya kazi yake, na baridi ikamalizia. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, nikiwa nyuma yake nimemkumbatia. Akapewa dawa ya kuvuta, na kulipopambazuka kifua kikafunguka.

"Una pumu tangu lini?" nikamwuliza.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Tangu darasa la tano. Usimwambie mama kwamba nimekwambia."

Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imebaki Tanga, chini ya godoro. Haikusahauliwa. Dada yangu mwenyewe aliitoa begini. Alikuwa amesikia kwa majirani kwamba mtoto akionekana na ugonjwa atarudishwa, na akirudishwa atakosa cheti, na akikosa cheti hatapata ajira mpaka anazeeka. Akamwambia binti ajikaze miezi mitatu, huko milimani hewa ni nzuri.

Nilimpigia simu dada kabla sijanywa chai. Sitaandika yote tuliyosemezana. Yeye alisema mimi, kwa kuwa ni muuguzi, ninaona ugonjwa kila mahali. Alisema amemlea mtoto huyu peke yake tangu mume alipofariki, ameuza mashine ya kushonea ili amalize kidato cha sita, na hawezi kukubali karatasi moja ya daktari imfungie mlango. Nilikuwa na maneno makali mdomoni. Yakanikwama, kwa sababu nilimkumbuka mwanangu.

Miaka iliyopita mwanangu wa kwanza alikwenda kwenye kambi ya shule, siku kumi tu, mbali na nyumbani. Nilimfungia begi ambalo kila mtu alilisifu. Kulikuwa na vidonge vya kutibu maji, dawa ya chumvichumvi ya kuharisha, bandeji, tochi na betri za akiba. Kitu kimoja sikukiandika popote: kwamba mwili wake haupatani na dawa zenye salfa. Sikukiandika kwa sababu mimi nilikuwa ninakijua. Tangu azaliwe mimi ndiye niliyekuwa kadi yake. Alipougua, akapewa dawa yenye salfa na mtu mwema ambaye hakuwa na njia ya kujua. Alirudi midomo imevimba na ngozi inambanduka, na ilichukua wiki kadhaa kupona. Mimi, mwenye stashahada ya uuguzi, nilipeleka mtoto kambini na begi kamili lisilo na neno hilo moja.

Nikamsimulia dada. Hakuwa akiyajua hayo. Nilikuwa nimeona aibu kumwambia. Akalia. Nami nikalia. Mwishowe akasema, "Fanya unavyoona, mdogo wangu, lakini mwulize kwanza mwenyewe kama anataka kwenda."

Binti alitaka kwenda. Alisema hivyo mbele ya daktari, naye akampima vizuri, akaeleza kwamba mwenye pumu iliyodhibitiwa anaweza kukimbia na kulima kama wenzake, mradi avute dawa kabla ya kazi nzito na asiwe na aibu kusema anapobanwa. Akaandika barua: jina la ugonjwa, jina la dawa, namna ya kuitumia, dalili za hatari. Akatuambia pia kwamba uamuzi wa mwisho ni wa wapimaji wa kambini, na kwamba aikabidhi barua siku ya kwanza, si siku ya kuzidiwa. Tuliifunga ndani ya nailoni, ikawekwa juu kabisa ya begi. Dawa za kuvuta tulinunua mbili, moja ya kukaa mwilini mchana na usiku, moja ya akiba. Nasikia akina mama wengi hawajui kwamba wito wenyewe umekuwa ukieleza kuwa wahitimu wenye ulemavu wa kuonekana waripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi, ambako kuna mazingira ya kuwapokea. Afya ya mtoto si jambo lililokatazwa kutajwa. Sisi ndio tunaoifanya siri.

Siku ya tatu tukapanda basi la alfajiri kwenda Kasulu.

Ninaipenda njia hiyo, ingawa nimeipita nikiwa ninasindikiza wagonjwa zaidi ya nilivyoipita kwa raha. Ukitoka Kibondo vilima vinapokezana, mgongo huu na ule, na kila bonde lina migomba yake na moshi wa tanuri la matofali. Mashamba ya maharage yalikuwa yameshavunwa, mihogo ikiwa imesimama peke yake. Kwenye vipande vya msitu utaona mizinga ya nyuki imelazwa juu ya matawi, maana asali ya Kibondo ndiyo fahari yetu. Barabara hii, ile inayoanzia Kabingo kupita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, zamani ilikuwa inatuvunja viuno. Lami imeingia katika miaka hii ya karibuni, nasi tunashukuru. Vumbi hata hivyo halijaisha, na kiangazi watu huchoma nyasi. Nilimpa binti kanga mbili na kumwonyesha jinsi ya kujifunga moja puani. Kanga haikuwemo kwenye orodha. Mimi ningeiweka ya kwanza: ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni shuka ya pili, na siku za mwezi zikikukuta safarini ni stara. Hapo hapo nimkumbushe mama wa binti: pedi za miezi yote mitatu, au vitambaa safi vya kufua na kuanika juani, viende naye kutoka nyumbani, pamoja na nguo za ndani sita au zaidi. Asiachiwe kutafuta huko.

Mvugwe alipanda mama mmoja na kijana wake. Huyo mama alikuwa na mzigo mmoja tu, kiroba cha sulfeti kilichofungwa kwa kamba ya katani. Tukasalimiana kwa ile salamu yetu ya Kiha isiyokwisha, na makofi yake ya taratibu, mpaka binti wangu wa Tanga akageuka kututazama. Kumbe kijana naye ameitwa. Yeye alipangiwa Msange, Tabora, na alikuwa anakwenda kupanda treni Kigoma.

Nikaomba nione walichofunga, kwa kisingizio cha uuguzi. Mama akafungua kiroba bila kusita. Blanketi la kijivu. Sweta. Raba zilizofuliwa, nyayo zimelika kidogo upande mmoja. Kijana alikuwa amezivaa kwa mwezi mzima akichota maji. Sabuni ya kipande iliyokatwa mara nne ili isiyeyuke yote kwa pamoja. Sindano na uzi. Karanga za kukaanga. Na kila kitambaa, hata soksi, kilikuwa kimeshonwa jina la kijana kwa uzi mwekundu. Mama aliniambia kwamba hajui kusoma. Alichukua daftari la mwanawe la shule, akaziiga herufi zile moja moja.

Hilo mimi sikuwa nimelifikiria. Mamia ya vijana, fulana za kijani zinazofanana, zinafuliwa pamoja na kuanikwa pamoja! Nilipouliza nani alimfundisha, akasema baba mkwe wake alikuwa JKT zamani, na kitu alichokuwa akikisimulia kila mara ni fulana iliyopotea.

Tulifika Kasulu jua limepanda. Nilimnunulia binti chai, nikanunua uzi mwekundu, na tukaketi kwenye benchi la stendi tukashona. Alishona yeye, nami nikashona. Ng'ambo ya mji vilima vya Heru vilikuwa vimeanza kuonekana kupitia ukungu. Nilimwambia kwamba huko Heru Juu aliwahi kutawala mwanamke, Mwami Theresa Ntare, tangu miaka ya 1940. Akauliza kama naye alivaa sweta la mzee.

Mtabila ina habari nyingine ambayo nilimsimulia kwa ufupi, kwa kuwa ni haki yake kujua atalala juu ya ardhi gani. Kabla ya kuwa ya JKT ilikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Burundi, na ilifungwa Desemba 2012. Mimi nilikuwa msichana wa shule ya msingi hapa Kasulu watu walipoanza kuvuka mpaka kwa wingi, mwishoni mwa Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye. Mama yangu alitutuma kupeleka maji barabarani. Ninawakumbuka wanawake wale na walichobeba. Karibu kila mmoja alikuwa na sufuria. Wengine mkeka. Mmoja alikuwa amebeba mchi bila kinu, na alipoulizwa alishangaa mwenyewe, akautazama kama kitu alichowekewa mkononi na mtu mwingine. Sisi tunaolalamika kwamba begi halifungiki tumepewa siku za kuchagua.

Mchana vijana wakakusanyika, gari likaja. Nilimwekea binti asali kwenye chupa ya plastiki, nikachukua ile achari ya kioo, pasi, mto na magauni matatu virudi kwangu. Begi sasa alilibeba mgongoni bila kuinama. Alinikumbatia, akapanda. Barua ilikuwa mkononi mwake, si begini tena.

Sikurudi Kibondo siku hiyo. Nilimwambia mume wangu kwa simu kwamba nimechelewa basi, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Nilipanga chumba karibu na stendi, nikiwaza kwamba kama wapimaji watasema hapana, atarudi peke yake na aibu yake, na ni afadhali amkute mtu. Dada alipiga simu saa mbili usiku, na saa nne, na saa sita. Hatukuwa na la kuambiana. Baridi ilikuwa kali, nami, mshauri wa watu wote, sikuwa na sweta.

Habari ilifika kesho yake adhuhuri, kwa simu ya mtu mwingine, nayo ilikuwa fupi: ameitoa barua, wamemwuliza maswali, wamemkubali. Nikampigia dada. Akasema, "Haya," kisha akanyamaza muda mrefu hata nikadhani salio limekwisha.

Mafunzo yalipomalizika binti alipitia kwangu akielekea Tanga. Alikuwa amekuwa mweusi, mwembamba kidogo, mabega yamenyooka. Tukatandika ule mkeka tena akamwaga begi. Dawa moja ya kuvuta ilikuwa imekwisha, ya pili ilikuwa nusu. Taulo lililotumika lilikuwa moja. Gauni la Jumapili lilikuwa na alama za kukunjwa zile zile nilizolipigia pasi. Soksi mbili zilikuwa si zake, zina jina la mtu mwingine kwa kalamu ya wino.

Akaomba kalamu, akageuza ile orodha na kuanza kuandika nyuma yake, kwa ajili ya mdogo wake aliye kidato cha tano. Nilichungulia juu ya bega lake. Aliandika: raba zilizozoeleka, uzi mwekundu, kanga mbili, kamba ya kuanikia, kufuli, sema ugonjwa siku ya kwanza, mwambie mama asiweke pasi.

Sweta la mzee hakunirudishia.